Somo: Kufunga swichi janja kwenye nyumba ya zamani isiyo na nyutro ukutani

Kabla hujapeleka pesa dukani kununua swichi janja, yaani ile unayoiamuru kwa simu, zima meni swichi, fungua swichi moja ya ukutani uchungulie ndani. Nyumba tunayokaa hapa Jinja ni ya miaka ya 1950, enzi za bwawa la Owen Falls kufunguliwa (1954), na mafundi wa wakati ule walipitisha nyutro (waya unaokamilisha mzunguko wa umeme) darini hadi kwenye taa, basi. Ukutani walishusha waya mbili tu: laivu (waya wenye umeme) inayoshuka, na nyingine inayorudisha umeme kwenye taa ukishawasha, ndio waya wa taa. Swichi ya kawaida haidai zaidi ya hapo. Swichi janja ina redio ya mawasiliano ndani inayokula umeme usiku na mchana, hata taa ikiwa imezimwa, ndiyo maana nyingi zinataka nyutro.

Mimi niliumia hapo hapo. Waya za zamani ni nyekundu na nyeusi, na kila mtu anajua nyeusi ni nyutro. Ukutani, mara nyingi siyo. Nilipima swichi ikiwa imezimwa, testa (bisibisi ya kupimia umeme) haikuwaka kwenye nyeusi. Nikaweka multimita kati ya nyekundu na nyeusi, ikasoma volti 240. Nikasema nimeipata! Kumbe multimita ilikuwa inasoma kupitia balbu, maana nyutro iko upande wa pili wa balbu. Nikafunga swichi yangu mpya, ikapepesa mara mbili ikanyamaza, na balbu ikabaki na kamwanga kama ka njiti ya kiberiti inayokufa.

Kipimo sahihi ni hiki: washa taa, kisha gusa nyeusi kwa testa. Ikiwaka, huo ni waya wa taa, si nyutro.

Hatua ya 1. Zima meni swichi, pima uhakikishe umeme umekatika kweli, kisha kunja waya kidogo. Kama ganda ni la mpira wa zamani na linamomonyoka vidoleni kama ukoko wa ugali, acha. Nyumba hiyo inataka waya mpya kwanza, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya umeme ya Uganda), siyo ya Jumamosi yako.

Hatua ya 2. Pima kina cha kisanduku. Vya zamani vingine ni milimita 16 tu, na swichi janja nyingi zinahitaji 35. Ukuta wa tofali unachimbika, ila vumbi lake mama wa nyumba hatakusamehe. Mimi niliweka kisanduku cha plastiki cha juu ya ukuta, yakaisha.

Hatua ya 3. Nunua iliyoandikwa haihitaji nyutro. Zile za Zigbee (aina ya mawasiliano ya redio) zinakula umeme mdogo kuliko za WiFi, kwa hiyo zinaelewana vizuri zaidi na waya mbili, lakini lazima uwe na kitovu chake, yaani kifaa cha kuziongoza, kilichounganishwa na ruta. Soma pia kiwango cha chini cha wati za balbu.

Hatua ya 4. Bandika tepu kwenye kila waya kabla ya kuzifungua. Laivu inaingia tundu lililoandikwa L, waya wa taa unaingia L1. Kaza skrubu, vuta kila waya kidogo. Waya wa ardhi, ule wa kijani, kama upo, uache kwenye kisanduku.

Hatua ya 5. Kapasita. Swichi ya aina hii inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu, na balbu ndogo ya LED itapepesa au itang'aa gizani kama jicho la paka. Kapasita iliyokuja kwenye boksi, kifaa kidogo cha kuupitisha umeme huo pembeni ya balbu, inafungwa kule kwenye taa, kati ya waya wa taa na nyutro. Ukiifunga ukutani haisaidii kitu.

Hatua ya 6. Rudisha umeme, jaribu kwa kidole kwanza, ndipo ufungue programu ya simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zubeda: Fundi, nyumba yetu ina waya wa kijani ukutani. Jirani anasema niutumie kama nyutro, eti inafanya kazi.

Jibu: Dada, itafanya kazi mpaka siku itakapomshika mtu. Ukipitisha umeme kwenye waya wa ardhi, kisha ukakatika mahali, pasi na friji zote zinaweza kuwa na umeme kwenye mwili wake. Usiguse kabisa.

Kijana wa Bugembe: Swichi janja inakula Yaka (umeme wa kulipia kabla) kiasi gani ikiwa imezimwa?

Jibu: Tuseme inakula nusu wati. Mwezi mzima ni kama yuniti 0.36. Pasi ya wati 1,000 inamaliza hiyo kwa dakika 22 hivi.

Mzee Wafula: Taa yangu ya ngazi ina swichi juu na chini. Nifunge mbili?

Jibu: Mzee wangu, usifunge mbili kwenye waya zile zile, zitagombana. Weka moja, na upande wa pili tumia kitufe cha betri kinachozungumza nayo. Waya zinazounganisha swichi hizo mbili zifuate mchoro wa kiwanda, usikisie.

Mama Zubeda: Asante ssebo. Na umeme ukikatika ukarudi saa tisa usiku, taa zote zitawaka?

Jibu: Zangu ziliwaka, watoto wakaamka wakidhani kumekucha. Kwenye programu tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uweke "zima".

Kijana wa Bugembe: Na kama sitaki kuchimba ukuta wala kununua kitovu?

Jibu: Panda darini. Kwenye kikombe cha taa mara nyingi laivu na nyutro zote zipo, kwa hiyo unafunga moduli ndogo ya rilei ya WiFi (kiswichi janja kisicho na kitufe) hapo hapo. Zile waya mbili za swichi zinahama kutoka kwenye umeme na kuingia matundu ya S1 na S2 ya moduli, ila bado zichukulie kuwa na umeme. Hakikisha tu WiFi ya 2.4 GHz inafika juu. Kwangu mabati yaliizuia, nikasogeza ruta hadi koridoni.