Somo: Namna ya kupekua maktaba ya chuo kwa ajili ya utafiti wako

Wakuu, msimu wa mapendekezo ya utafiti umefika na malalamiko ni yaleyale: "Mada yangu haina maandiko." Hata mimi niliwahi kulia hivyo. Mwaka wa tatu nilichapa kwenye katalogi ya maktaba kichwa chote cha utafiti wangu, "Changamoto zinazowakabili wanawake wakulima wa mwani Zanzibar". Kompyuta ikajibu sifuri. Nikamwendea msimamizi kifua mbele, nikamwambia hakuna aliyewahi kuiandikia mada hii. Alicheka mpaka akavua miwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, na watafiti wamekuwa wakikiandika miaka yote hiyo. Kosa lilikuwa kwenye maneno yangu.

Hatua ya 1: Vunja mada kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi, chora safu tatu: kitu, watu, mahali. Kwangu ilikuwa mwani, wanawake, Zanzibar. Chini ya kila neno orodhesha majina yake mengine yote. Hapa usipite mbio, maana katalogi haijui maana ya unachokitafuta; inalinganisha herufi tu.

Vitabu vingi vimeingizwa kwa Kiingereza, basi kwenye "mwani" ongeza "seaweed". Wanasayansi nao wana lao. Mwani ambao wakulima wa Paje na Jambiani wanauita spinosum na cottonii, kwenye majarida ni Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Tena huo wa pili, makala nyingi za zamani zinauita Eucheuma cottonii. Ukitafuta kwa jina jipya peke yake, za zamani zinakupita.

Mahali nako hubadilika jina. Anayetafiti Tanzania Bara ya miaka ya 1950 aandike Tanganyika. Anayerudi nyuma mpaka enzi ya Mjerumani asisahau Deutsch-Ostafrika.

Kisha unganisha. AND hupunguza majibu, OR huyaongeza, alama za kunukuu huyafunga maneno yakae pamoja. Mfano:

(mwani OR seaweed OR Eucheuma OR Kappaphycus) AND (Zanzibar OR Unguja OR Pemba)

Kuna ujanja wa kinyota pia: farm* inaleta farm, farmer na farming kwa mkupuo. Lakini kwa Kiswahili kinyota hakikusaidii sana, kwa sababu maneno yetu hubadilikia mbele: kilimo, mkulima, wakulima. Yaandike yote, uyatenganishe kwa OR.

Hatua ya 2: Kutoka katalogi hadi rafu

Nakili namba nzima ya kitabu, si herufi za mwanzo tu. Maktaba zinazotumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani huweka uvuvi na ufugaji wa majini kwenye SH, masuala ya wanawake HQ, historia ya Afrika DT, na Kiswahili PL 8701 hadi 8704. Zinazotumia mpangilio wa Dewey, wa namba tupu, historia ya Tanzania utaikuta 967.8. Mada yangu ilinizungusha rafu tatu tofauti! Ukikipata kitabu, kagua na majirani zake kushoto na kulia. Halafu fungua faharasa mwishoni kabla hujajitwisha kurasa 300.

Walio Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana bahati ya East Africana, mkusanyiko wa machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki. Vitu vya humo havitoki nje, unasoma humo humo, kwa hiyo nenda na daftari na muda wa kutosha.

Hatua ya 3: Majarida

Anzia AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika. Humo ndimo nilimokuta jarida la sayansi za bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi, linalotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyopo hapo hapo Zanzibar. Nami nilikuwa nahangaika na majarida ya Ulaya! Kisha muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zinazoendelea majarida ya kitaaluma: chuo kilichojiandikisha hupata majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Ndani yake, wa afya watumie sehemu ya Hinari, wa kilimo AGORA.

Ukipata makala moja nzuri, kamua. Marejeo yake yanakupeleka nyuma. Kwenye Google Scholar, kiungo cha "Cited by" kinakupeleka mbele kwa waliokuja baadaye.

Hatua ya 4: Andika ulikotoa

Mwandishi, mwaka, ukurasa, palepale. Zotero ni programu ya bure ya kompyuta inayopanga marejeo. Daftari nalo linatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, niko likizo Sumbawanga. Chuoni makala zinafunguka, huku zinadai dola.*

Chuoni tovuti inatambua mtandao wa chuo, si wewe. Waandikie maktaba uombe njia ya kuingia ukiwa nje. Wakati unasubiri, JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, hukuruhusu kusoma makala kadhaa kwa mwezi kwa akaunti ya bure. Au mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake mara nyingi ipo ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma kwa moyo mweupe.

*Nimeipa akili bandia mada yangu, imenipa marejeo kumi safi kabisa. Niyatumie?*

Dada, tafuta kila moja kwenye katalogi au Google Scholar kwanza. Mashine hizi hutunga makala isiyokuwepo, zikaipa mwandishi, mwaka na kurasa. Usichokiona kwa macho yako usikiweke.

*Tasnifu za waliotutangulia zinaruhusiwa?*

Kuzinukuu ruksa, kuzinakili hapana. Mimi huanza na orodha yake ya marejeo, mtu ameshanifanyia nusu ya kazi.

*Mkutubi wetu mkali, ukimuuliza anakuonyesha kompyuta kwa kidole.*

Ulimuulizaje, kaka? Ukisema "naomba vitabu vya mwani", hata mimi nitakuonyesha kompyuta. Nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, msalimie, umpe ile karatasi ya safu tatu na umwonyeshe ulikokwama. Wangu alikunja uso vilevile, akaisoma karatasi, akaniongezea neno "mariculture" (kilimo na ufugaji wa baharini) kwa kalamu yake. Jioni nilikuwa na makala kumi na mbili.