Programu inakokota? Geuza lupu kabla ya kulaumu laptopu

Jedwali langu la joto la maji ya Ziwa Victoria lina safu 4096 za kulala na nguzo 4096 za wima, kila namba baiti 8. Jumla MB 128. Kulijumlisha tu kulichosha, na kosa lilikuwa hapa:

for (j = 0; j < 4096; j++)
  for (i = 0; i < 4096; i++)
    jumla += t[i][j];

Hatua ya 1. Pima kwa perf, kipimo cha Linux: perf stat -e cache-misses ./ziwa. Itahesabu mara ambazo data ilikosekana kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Andika namba na muda pembeni.

Hatua ya 2. Badilisha lupu, i iwe nje, j ndani. Lugha ya C hupanga jedwali safu kwa safu, na prosesa huvuta baiti 64 kwa mkupuo, yaani namba 8. Lupu ya juu ni sawa na kumtuma mpagazi pale Mwaloni Kirumba akuletee gunia la dagaa, uchukue dagaa mmoja, kisha umtume gunia jingine.

GCC, kitafsiri cha C, kuanzia toleo la 8 hugeuza lupu yenyewe ukiweka -O3, agizo la kuharakisha programu. Ila hapa itagoma: kujumlisha desimali kwa mpangilio mwingine hubadilisha jibu kidogo, na haina ruhusa hiyo bila agizo kama -ffast-math. Mimi nageuza kwa mkono, sipendi kuifungulia mlango wote huo.

Hatua ya 3. Kugeuza jedwali lenyewe, safu ziwe nguzo, b[j][i] = a[i][j], hakuponi kwa kubadilisha lupu; upande mmoja lazima uruke. Kata vipande vya 16 kwa 16, maliza kimoja ndipo uende kingine. Kipande ni KB 2, vyote viwili vinaenea kwenye kache ya KB 32.

Nilifanya hivyo, na bado ikasuasua! Ilinichukua jioni nzima kugundua. Kache hiyo kwa kawaida ina makundi 64, kila moja nafasi 8, na anwani ya data kwenye kumbukumbu ndiyo huamua iingie kundi gani. Safu yangu ilikuwa baiti 32,768 kamili, hivyo namba za nguzo moja zote ziliangukia kundi lilelile. Safu 16 zikagombania nafasi 8, zikafukuzana.

Hatua ya 4. Ongeza namba 8 za bure mwishoni mwa kila safu:

static double a[4096][4104], b[4096][4104];

Sasa kila safu inasogea kundi moja mbele. Rudia hatua ya 1, halafu jaribu vipande vya 32.