Vidonge vya damu na chai ya maziwa: jinsi ya kupanga saa zako

Mama mmoja alikuja dukani kwangu hapa Dodoma amekasirika: kopo la pili la vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma, linaisha na damu haipandi. Nikamuuliza, "Unavimeza na nini, mama?" Na chai ya maziwa, kila asubuhi.

Hatua ya 1: Weka vyote mezani. Dawa za hospitali, vidonge vya kliniki, makopo ya vitamini, hata ile dawa ya kiungulia unayoitafuna kama pipi. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo mkorofi.

Hatua ya 2: Soma mgongoni mwa kopo. Tafuta chuma, kalsiamu, magnesiamu na zinki. Madini haya hung'ang'aniana na baadhi ya dawa tumboni, utumbo ukashindwa kuzifyonza, dawa ikaishia chooni. Kopo lililoandikwa "multivitamini" mara nyingi lina madini pia.

Hatua ya 3: Andika saa. Nikisema saa 6 hapa nina maana ya muda, si adhuhuri. Tumeshachanganyana hapo mara nyingi.

Chuma: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula, kwa maji, juisi ya chungwa, au unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji baridi (ule mweupe, si ubuyu mwekundu wa sukari). Vitamini C hukisaidia chuma kupita. Tanini ya chai na kahawa hukizuia, na kalsiamu ya maziwa vilevile. Tumbo likikataa, bora ukimeze na chakula kidogo kuliko kukiacha. Choo kikiwa cheusi, usishtuke.

Sipro (siprofloksasini, antibiotiki): imeze saa 2 kabla ya madini, au saa 6 baada yake. Usiiteremshe kwa maziwa wala mtindi.

Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo: asubuhi tumbo likiwa tupu, madini yasubiri saa 4.

ARV yenye dolutegravir: unaweza kuimeza pamoja na chuma au kalsiamu ukiwa unakula. Bila chakula, itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu itenge hivyohivyo, hata kama umekula.

Hatua ya 4: Kama ni mjamzito, usijinunulie foliki ya miligramu 5. Hudhoofisha SP ya kukinga malaria. Ile ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo.

Hatua ya 5: Usitenge kila kitu. Dawa mseto ya malaria yenyewe inataka mafuta: maziwa, au mboga iliyoungwa kwa karanga. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asiukimbie mlenda. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo, lakini kinachovuruga ni kupandisha na kushusha. Kwetu mvua zikianza, mboga za majani huwa kila siku, kiangazi zinapungua. Mwambie daktari anayekupima kuganda kwa damu.

Hatua ya 6: Karatasi ibandike ndani ya mlango wa kabati, uipige picha, uionyeshe kila unapoandikiwa dawa mpya.

Yule mama sasa humeza chuma usiku, saa 2 baada ya ugali. Chai yake ya asubuhi hakuiacha.