Jinsi ya kuhifadhi historia ya familia za kijiji cha Kiingereza (na mtego wa Machi 25)

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mwaka juzi alinitaka nimsaidie kuwapanga watu wa kijijini kwao: nani alimzaa nani, nani alikaa nyumba ipi. Nikadhani ni kazi ya wikendi mbili.

Hatua ya 1: Wazee kwanza

Makaratasi yatakungoja, wazee hawatakungoja. Sensa za huku hufungiwa miaka 100, na ya 1921 ndiyo ya karibuni iliyofunguliwa. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, na ya 1951 bado imefungwa. Katikati hapo kuna rejista ya wakazi ya Septemba 1939 tu, pamoja na yaliyo vichwani mwa wazee. Warekodi kwa simu, picha za zamani zikiwa mezani. Majina yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino.

Hatua ya 2: Sensa na vyeti

Anza 1921, rudi nyuma hadi 1841. Katika hiyo ya 1841, umri wa watu wazima ulipunguzwa kwa mafungu ya tano, kwa hiyo wa miaka 34 ameandikwa 30. Vizazi, ndoa na vifo kuanzia Julai 1837 tafuta kwenye tovuti ya FreeBMD, ni bure.

Hatua ya 3: Rejista za parokia

Kabla ya 1837 utategemea vitabu vya kanisa, ambavyo parokia ziliamriwa kuviandika mwaka 1538. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi tatu. Tulikuta ndoa ya Mei 1723, na mtoto wa wanandoa hao hao kabatizwa Februari 1723. Mama mkwe akacheka: "Basi waliharakisha." Mimi nikatafuta mke mwingine, nikatafuta binamu wa jina lile, nikakaribia kuikata familia nzima.

Kumbe hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25, Sikukuu ya Maria Kupashwa Habari. Februari 1723 ilikuja baada ya Desemba 1723. Kwa hesabu yetu ni 1724. Mtoto alikuja miezi tisa baada ya harusi, kwa heshima zote. Sisi tunaosema saa moja huku saa ya ukutani inaonyesha saba tulipaswa kulishtukia mapema.

Kwa hiyo tarehe yoyote ya Januari 1 hadi Machi 24, kabla ya 1752, iandike kwa miaka yote miwili, kama 1723/24. Usifute mwaka wa kitabuni. Angalia pia:

- Wanaonakili faharasa wengine wameshausahihisha mwaka. Ukiongeza tena, umezidisha. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, uone Desemba inafuatwa na nini.
- "7ber" ni Septemba, si Julai. "8ber" ni Oktoba.
- Kwa Waquaker wa zama hizo, "mwezi wa kwanza" ni Machi.
- Babu akitokea Scotland, kule mwaka ulianza Januari tangu 1600.
- Kalenda ilipobadilishwa, Septemba 1752 ilitoka tarehe 2 ikaruka hadi 14. Usihangaike kutafuta mazishi ya tarehe 8.

Hatua ya 4: Makaburi

Omba ruhusa kwa kasisi. Piga picha jua likiwa chini, au mulika jiwe kwa ubavu kwa kioo. Usisugue, usipake chaki wala povu la kunyolea.

Hatua ya 5: Kutunza

Miti ya ukoo ya mtandaoni siitaki. Mmoja anakosea, hamsini wananakili, kisha hao hamsini wanageuka ushahidi. Tumia jedwali la kawaida: mstari mmoja kwa kila tukio, si kwa kila mtu, na safu ya kuonyesha ulilitoa wapi. Walio hai usiwaweke hadharani. Ukimaliza, chapa nakala ya karatasi, uwaulize watu wa hifadhi ya nyaraka ya kaunti kama wataipokea. Ya Suffolk iko The Hold, Ipswich. Nenda na penseli, kalamu haziruhusiwi kwenye chumba cha kusomea.