Kupanga kozi kuanzia mwisho: takwimu, maharagwe na gorogoro ya Kibuye

Wenzangu, niliahidi kuandika jinsi ninavyoipanga kozi yangu ya takwimu, kwa hivyo haya. Nafundisha hapa Kisumu, wanafunzi wa biashara wa mwaka wa pili, darasa la watu 120 hivi, ndani ya ukumbi wa mabati ambao saa nane mchana unatuoka sote. Kwa miaka kadhaa niliifundisha jinsi nilivyofundishwa mimi: unagawa sura za kitabu kwa wiki, unasoma slaidi, wiki ya kumi unagundua ungali sura ya tano, unaanza kukimbia, mtihani unaingia. Wanafunzi walikuwa wanapita. Nikikutana nao mjini baadaye, hakuna aliyekumbuka chochote isipokuwa kwamba hesabu zilikuwa nyingi.

Hatua ya kwanza: iandike siku ya baada ya mtihani

Kitabu kiweke kando. Chukua karatasi ujiulize: mwanafunzi huyu akiajiriwa kwenye sacco pale Kondele, au akifungua duka la jumla Ahero, atafanya nini ambacho bila kozi yangu asingekiweza? Sentensi moja tu. Yangu ni hii: "Akipewa nambari zilizokusanywa na mtu mwingine, ataweza kusema aziamini kiasi gani, na kwa nini." Ilinichukua karibu wiki mbili kuipata, na katika somo hili lote hapo ndipo pagumu. Huko Marekani mbinu hii ya kupanga kinyumenyume ilienezwa na Grant Wiggins na Jay McTighe mwishoni mwa miaka ya 1990.

Chunga vitenzi. Sote tulikariri ngazi za Bloom za mwaka 1956, zinazopanga malengo ya kujifunza kuanzia kukumbuka, tukisomea ualimu, kisha tukaingia vyuoni tukaandika "mwanafunzi ataelewa" kwenye kila mstari. Kuelewa hakuonekani. Kukokotoa kunaonekana, kulinganisha kunaonekana, kutetea hoja mbele ya watu kunaonekana. Ukishindwa kuwaza utamwona mwanafunzi akifanya kitu gani hasa, kitenzi hicho kifute.

Hatua ya pili: tunga kazi kubwa kabla ya mhadhara wa kwanza

Kazi yangu ni gorogoro. Kila mtu hapa anaijua: lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili ambalo sokoni ndilo mizani. Makundi ya watu sita yanakwenda soko la Kibuye hapa mjini, kila kundi linanunua gorogoro za maharagwe kwa wauzaji mbalimbali, linapima kila moja kwa mizani ndogo ya jikoni, linarudi na kurasa mbili za ripoti ambazo litazitetea mbele ya darasa. Swali ni moja: gorogoro ni kipimo?

Humo ndani kuna karibu kozi nzima. Muuzaji mmoja anajaza mpaka maharagwe yanafanya kilele, mwingine anapangusa juu kwa kiganja. Kopo moja limebonyezwa kitako kikaingia ndani kama sahani. Mwanafunzi anayaona hayo kwa macho, halafu anarudi kuyatafuta kwenye nambari zake: wastani, mtawanyiko (jinsi nambari zinavyoachana), kosa linalotoka kwa anayepima na kosa linalotoka kwenye kipimo chenyewe. Na atakuuliza mwenyewe, "Mwalimu, kwani tupime ngapi ndipo tuamini?" Swali hilo nilikuwa nalijibu wiki ya tisa bila mtu kuliuliza.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliwapeleka wote 120 Jumapili moja asubuhi, soko limefurika, kila mmoja na daftari mkononi. Akina mama wakadhani ni maofisa wa vipimo wa serikali. Mmoja akafunika beseni lake kwa leso, akalikalia kopo. Tulifukuzwa, na haki yao. Siku hizi naenda wiki moja kabla kuzungumza na viongozi wa soko, makundi yanaingia kwa zamu siku za katikati ya wiki, na sheria ni kwamba hupimi usichonunua.

Hatua ya tatu: kata

Sasa fungua kitabu. Kila mada iulize: inamsaidia mwanafunzi kufanya kazi ile, au ipo kwa sababu imekuwepo siku zote? Nilipunguza mada tatu zikawa saa moja moja, ikiwemo ile ya kupanga mipira ya rangi kwenye mfuko, ambayo naipenda sana. Iliniuma.

Hatua ya nne: zivunje zile saa mbili

Hakuna binadamu anayesikiliza saa mbili mfululizo chini ya mabati. Nasema dakika 20, kisha natupa swali lenye majibu matatu. Kila mmoja anajibu kwa vidole, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani asione. Majibu yakitawanyika, simwambii mtu yeyote kitu. "Geukia jirani yako mliyetofautiana, mshawishi." Dakika tatu za kelele, kisha vidole tena. Mbinu hii ni ya Eric Mazur, anayefundisha fizikia chuo kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia mwaka 1991. Vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura vipo, ila vidole havili bando.

Swali likiwa rahisi, kelele inakufa. Hili halijawahi kufa: gorogoro za Mama wa Kwanza zina wastani wa kilo mbili lakini zinapanda na kushuka. Za Mama wa Pili wastani wake ni kilo moja na robo tatu, hazitikisiki. Bei ni sawa. Wewe una hoteli, unanunua gorogoro moja kila siku mwaka mzima. Utanunua kwa nani? Wengi humkimbilia wa pili, kwa sababu "anaaminika." Wanapojadili, kuna mtu huanza kujumlisha mwaka mzima, na hapo panachangamka. Kisha nawageuzia: na kama unanunua mara moja tu, chakula cha wageni kesho?

Hatua ya tano: kikaratasi cha dakika moja

Kabla ya kutoka, kila mtu aandike kitu kimoja ambacho hakijamkaa vizuri, bila jina. Nasoma nikiwa kwenye matatu. Kipindi kijacho kinaanza na vikaratasi vitatu.

Hatua ya sita: alama

Kwetu majaribio ya muhula ni alama 30 na mtihani ni 70. Kazi ya soko naiweka ndani ya zile 30, nayo inakula 20. Mwanafunzi akiona unampeleka Kibuye kwa alama tano, ataandika ripoti ya alama tano.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Mwalimu, idara yangu haikubali mtu aguse mtaala. Nifanyeje?*

Mada usiziguse, gusa muda. Mtaala ulioidhinishwa unataja mada. Mara nyingi hausemi kila moja ipewe saa ngapi. Kazi ya soko iandike kwenye mwongozo wa kozi kama jaribio la kwanza, kisha mpelekee mwenyekiti mapema, asije akaisikia kwa wanafunzi.

*Kutoka Bungoma: Darasa langu ni watu 400. Soko gani litatubeba?*

Hakuna. Peleka makundi manane tu, nambari zao zigawie darasa zima. Waliobaki watafute makosa kwenye kazi ya walioenda. Nakuhakikishia watayatafuta kwa bidii kuliko wewe.

*Kutoka Homa Bay: Huku kwetu ni omena. Inawezekana?*

Inawezekana, dada, lakini angalia kalenda. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, kwa hivyo muhula wa Mei itakuwa haba na bei juu. Pia omena kavu ni nyepesi na inavunjika, kopo likitikiswa inashuka na nafasi inaongezeka. Mtawanyiko wake utawatoa jasho. Kwa wanafunzi wazuri, mimi ningeanza nayo.

*Kutoka Nakuru: Kwenye makundi kuna wanaolala wakabebwa na wenzao. Unawazuiaje?*

Siku ya kutetea ripoti naweka majina sita kwenye kofia, nachomoa moja. Huyo ndiye atajibu, na alama yake ni ya kundi zima. Wiki mbili kabla ya siku hiyo utawaona wakifundishana koridoni. Wanaonung'unika wapo kila muhula.

*Kutoka Eldoret: Kwa heshima, hizi si mbinu za vyuo vya nje vyenye pesa?*

Mzee, wewe uko Eldoret na unaniuliza mimi! Skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, ilianza moja kwa moja na kujifunza kupitia matatizo ya wagonjwa, na mpango wa kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashinani. Waulize wazee wa huko.

*Kutoka Siaya: Na wale akina mama wanapata nini?*

Tunanunua bidhaa yao, na maharagwe tunayapeleka jikoni kwa chuo. Muhula uliopita mama mmoja alitaka ajue gorogoro yake iko wapi kati ya wenzake. Vijana wakamwonyesha kwenye daftari kwamba yake ndiyo nzito kuliko zote safu ile. Akacheka, akashukuru, akawapa ndizi. Nilipopita wiki iliyofuata, kitako cha kopo lake kilikuwa kimebonyezwa.