Namna ya kuandaa safari ya shanta na uvuvi wa trauti katika Mlima Elgon

Safari ya kubeba shanta na kuvua samaki mlimani inaunganisha kazi mbili zenye mwendo tofauti. Mpanda mlima anataka kufika kambini kabla ya jua kuzama, ilhali mvuvi anataka kukaa penye maji hadi samaki watakapoonekana. Katika safari yetu ya kwanza tulikuwa marafiki wanne, na hatukulifikiria jambo hili. Tulipanga kutembea kila siku, tukawa tunafika kambini jioni tukiwa hoi, na fimbo za kuvulia zikarudi Mbale, mji ulio chini ya mlima, bila kutolewa mfukoni. Tangu hapo ninawashauri wote wanaoniuliza watenge angalau siku moja nzima ambayo hakuna mtu atakayefunga hema na kuhama kambi, na waitenge tangu mwanzo, kabla hata ya kuhesabu chakula.

Kati ya njia za kupanda Mlima Elgon upande wa Uganda, inayofaa zaidi kwa safari ya namna hii ni ya Piswa, inayoanzia Kapkwata, mbele ya Kapchorwa. Njia ya Sasa, inayoanzia Budadiri, ni fupi na inapendwa na wanaokwenda kileleni Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, lakini mwinuko wake ni mkali na mwenye fimbo na hema mgongoni huutambua mapema. Piswa hupanda taratibu kupitia msitu, kisha huingia kwenye nyanda za juu zenye mimea mikubwa ya lobelia, na kukuelekeza kwenye kaldera, bonde pana lililobaki baada ya volkano kuzama. Humo ndimo Mto Suam unapoanzia, ukatokea upande wa mashariki kupitia korongo lenye chemchemi za maji moto, ukawa mpaka wa Uganda na Kenya, na hatimaye ukaitwa Turkwel na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kwa kuwa mpaka uko karibu, kila mmoja abebe kitambulisho chake.

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya walianza kuletwa mwaka 1905, nao baadaye wakapandikizwa katika vijito vya Elgon, kwa sababu wanahitaji maji baridi, safi na yenye hewa nyingi, ambayo huku kwetu hupatikana milimani tu. Msiende, hata hivyo, mkidhani kwamba ada ya kupanda mlima inawaruhusu kuvua. Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1993, na linasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Ruhusa ya kuvua iombwe peke yake, kwa maandishi, wiki kadhaa kabla ya safari, na mwulize waziwazi ni vijito gani vinavyoruhusiwa. Mkikataliwa, fimbo zibaki nyumbani. Mtapanda pamoja na askari wa hifadhi au kiongozi wa njia, na mtu huyo asiwekwe katika hali ya kuchagua kati ya kazi yake na furaha yenu.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Wakati wa mvua vijito hujaa tope na samaki hawaoni chambo, tena njia huteleza kiasi cha kumchosha mtu kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu mzigo, kanuni yangu ni kwamba shanta lisizidi robo ya uzito wa mwili wa anayelibeba, na likizidi, aajiriwe mpagazi kutoka vijiji vya karibu, ambaye malipo yake yakubaliwe mapema na chakula na mahali pake pa kulala vijulikane. Vitu vya pamoja, yaani hema, jiko la gesi, sufuria na dawa, vigawanywe kwa uzito mbele ya wote usiku wa kuamkia safari, maana manung'uniko mengi ya njiani huanzia hapo. Beba posho (unga wa mahindi), maharage yaliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, njugu na chapati za siku mbili za mwanzo. Matoke ni mazito mno. Ukipata malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu huyapika na karanga, yanunue sokoni Mbale, kwani ni mepesi na hushibisha vizuri katika baridi. Usiku kambini joto hukaribia nyuzi sifuri, hivyo mfuko wa kulalia uwe mzito na nguo za kulalia zisivaliwe mchana.

Hewa ya juu ni nyepesi na mwili unahitaji muda kuizoea, kwa hiyo mkishavuka mita 3,000, msipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya takriban mita 500 kwa siku pale njia inapowaruhusu, na pale isipowaruhusu mpumzike siku moja. Siku hiyo ya kupumzika ndiyo siku ya uvuvi. Mlima wenyewe unawadai muda ambao mvuvi anauhitaji. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, asipande tena. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa uvuvi wenyewe. Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, kipande cha risasi ndicho kinachoupeleka mshipi mbali. Katika uvuvi wa nzi bandia, chambo ni manyoya na uzi uliofungwa juu ya ndoana ndogo, hakina uzito wowote, na kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa kusudi hilo. Mwisho wa mshipi huo hufungwa uzi mwembamba usioonekana, wenye urefu wa mita mbili au zaidi kidogo, na nzi bandia hufungwa kwenye ncha ya uzi huo. Fundo ni jepesi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe mara tano juu ya uzi uleule, rudisha ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu, lowanisha kwa mate, kisha vuta polepole. Uzi ukivutwa mkavu huungua kwa msuguano na kukatika samaki wa kwanza anapogusa.

Kwa vijito vya Elgon fimbo fupi ya namba 3 au 4 (namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa), inayogawanyika vipande vinne, inatosha na inaingia ndani ya shanta. Jifunzeni kurusha nyumbani, kwenye uwanja wa nyasi: ifikirie fimbo kuwa mshale wa saa ya ukutani, uinue mpaka saa saba (kwenye 1), simama kidogo mshipi unyooke nyuma yako, kisha peleka mbele hadi saa nne (kwenye 10) na kusimama tena. Wanaoanza huutumia mkono mzima kwa nguvu, wakati kazi yote iko katika ule mtulio mfupi wa nyuma.

Trauti hukaa ameelekea mahali maji yanapotoka, akisubiri wadudu waletwe na mkondo. Kwa hiyo umwendee kutoka chini, ukipanda, ukiwa umeinama na jua lisitupe kivuli chako majini. Tupa nzi juu kidogo ya jiwe, umwache ateremke kwa mwendo wa maji bila kuvutwa, kwani nzi anayekokotwa kinyume na mkondo humtisha samaki. Wavuvi wawili wasisimame kwenye kidimbwi kimoja. Mpeane zamu, na asiyevua akae kimya akitazama, maana hapo ndipo utakapojifunza zaidi kuliko ukiwa na fimbo mkononi.

Kama kibali chenu hakiruhusu kula samaki, bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza, lowanisha mikono kabla ya kumgusa, usimtoe majini kwa muda mrefu, na umshike kwa upole kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Ikiruhusiwa, chukueni wanaotosha mlo wa jioni mmoja, mwapasue mbali na maji ya kunywa, na utumbo mwufukie. Nyuzi zilizokatika zirudi nanyi zote mfukoni, kwa sababu ndege hunaswa nazo miguu muda mrefu baada ya ninyi kufika Kapkwata.