Umbali wa Fokasi: Kupiga Picha za Mizabibu na Miamba ya Dodoma

Anayetaka kuamua nini kionekane wazi na nini kibaki kwenye ukungu kwa kawaida hukimbilia tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, ilhali mimi nashauri aanze na mahali aliposimama. Lenzi hulenga umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya umbali huo kuna eneo ambalo jicho bado huliona liko sawa, nalo ndilo kina cha fokasi. Ukisogea nyuma hadi umbali uwe mara mbili, kina huongezeka takriban mara nne, lakini ukifunga tundu kutoka f/2.8 hadi f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), huongezeka mara mbili tu.

Chukua kichala cha zabibu katika shamba la Hombolo. Kwa kamera ya fremu kamili (ambayo kihisi chake cha mwanga ni cha milimita 36 kwa 24) yenye lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8, ukiwa umbali wa mita 2, kina chote ni kama sentimita 6: zabibu za mbele zitaonekana hadi vumbi lililozishika, huku za nyuma zikiwa zimefifia. Ukirudi hadi mita 4 utapata takriban sentimita 24, ila kichala kitakuwa kidogo ndani ya picha. Kwa hiyo naona ni bora ubaki pale pale, ufunge hadi f/4 upate kama sentimita 13, kisha uelekeze fokasi ndani kidogo ya zabibu za mbele, kwa kuwa katika umbali mfupi kina hugawanyika karibu sawa mbele na nyuma. Piga asubuhi kabla upepo haujashika kasi, kwani kichala kikiyumba kidogo tu hutoka nje ya kina.

Mandhari hudai kinyume chake. Ukitaka jiwe lililo karibu nawe na mbuyu wa mbali vyote viwe wazi, tumia lenzi ya milimita 24 kwa f/8 na uweke fokasi kwenye mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kitakubalika. Usifunge hadi f/22 kwa tamaa ya kina zaidi, maana mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika na kulegeza picha nzima.

Katika michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kina kirefu hakihitajiki sana. Mahali ambapo mwamba ni bapa, iweke kamera sambamba na uso wake ili mchoro wote uwe katika umbali mmoja, na tafadhali usiuguse wala kuumwagia maji ili rangi ikolee. Kuza picha kwenye kioo cha kamera ukague pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu, nyoosha kwanza kamera kabla ya kugusa tundu.